Kibo na Mawenzi Kwenye Kioo

Nilimcheka. Niliseme mwenyewe, lisije likasemwa na jirani.
Kila alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa,
Aikande wangu alikaa kwenye stuli ya jikoni,
kioo kimeegemea debe la unga,
akavimbisha mashavu kama anayepuliza kuni mbichi,
akahesabu hadi kumi, akaachia: pfuu.
Kisha ulimi nje, uguse kidevu, usifike, urudi.
Kisha macho, yatumbuke
kama ya mtu aliyeletewa bili ya maji.
Kisha irabu: aaa, eee, iii, ooo, uuu,
mwalimu wa darasa la kwanza asiye na darasa.

"Ngozi ni nguo," aliniambia.
"Mwili ukilegea, nguo inaning'inia."
Ana miaka hamsini na tisa na hataki kuning'inia.

Mimi nimepima kahawa kiwandani miaka thelathini na mmoja.
Nikamwambia punje ikishanyauka hainyooshwi.
Nikamwambia mama yake alikuwa na uso wa kokwa la fyulisi
na baba yake hakuwahi kulala nje.
Nikaenda kuwasimulia wenzangu pale Kiboriloni,
nikavimbisha mashavu, wakacheka, nikanunuliwa soda.

Ikaja Jumanne moja ya Juni.
Ukungu umeshuka hadi kwenye migomba,
nimekaa, nakunywa chai,
chai ikanitoka.
Si kwa kukohoa. Ilipita pembeni mwa mdomo, polepole,
kama mfongo uliobomoka ukingo.
Nikataka kusema "mbona",
midomo haikukutana.
Nikataka kufumba jicho la kushoto,
likabaki wazi, linanitazama mimi mwenyewe.

Hospitalini, binti wa mazoezi ya viungo, Msifuni,
alinipa karatasi yenye vichwa vilivyochorwa kwa kalamu:
vimbisha mashavu. Piga mluzi.
Pandisha nyusi. Toa ulimi.
Sema aaa, sema eee.
Aikande aliisoma mara mbili,
akaikunja, akaitia mkobani.
Alikuwa na neno. Lilikuwa neno zuri, lenye chumvi yake,
lilimfika mpaka kwenye meno.
Hakulisema.
Nimeishi naye miaka thelathini na minne,
sijawahi kupendwa kama nilivyopendwa kwenye korido ile.

Sasa stuli ni mbili.
Yeye anavimba, mimi navujisha.
Yeye mluzi, mimi upepo tu.
Na siku ya tatu au ya nne, alfajiri,
aliacha kuhesabu, akausogeza uso wangu kwenye taa.
Upande uliolala haukuwa na kunyanzi hata moja.
Paji laini, shavu laini,
kijana niliyemchumbia akiwa na baiskeli ya kuazima.
Upande ulio hai ndio ulikuwa umechakaa:
mabonde, makorongo, mawe.
Kibo kushoto, Mawenzi kulia,
na pua katikati kama tandiko la mlima.

Alikitazama kile kijana muda mrefu.
Nilidhani atakitamani.
Akakipiga kofi dogo, la vidole viwili.
"Amka wewe," akasema. "Rudisha mikunjo ya watu."

Septemba, karibu na jicho, ukarudi mmoja.
Mwembamba, kama uzi uliosahaulika kwenye shati jipya.
Aliuona yeye kwanza.
Akawaita kuku kwa jina langu, kwa kuchanganyikiwa,
akakanyaga bakuli la pumba,
akacheka mpaka uso wake wote ukakunjana,
kazi ya miaka miwili jikoni, yote, kwa dakika moja.

Kesho yake nilimkuta kwenye stuli, anavimbisha mashavu.
Sijui kama yanamsaidia.
Nilivuta yangu, nikakaa.
Nikasema "mbona",
na midomo, ingawa kwa kusuasua, ikakutana.
"Mbona nini?" akauliza.
Sikuwa na cha kuongeza.